Mbaruti wa Ploti ya Saba

Saa kumi na mbili na robo, uwanda wa Ptolemaida.
Ukungu umejaa shimoni hadi ukingoni
kama maziwa yanayongoja kufurika.
Mimi nashika mizani, Evanthia anashika daftari.
Miaka thelathini na mmoja nilishika kitu kingine:
usukani wa mashine ndefu kuliko kanisa,
gurudumu la ndoo ishirini
likiimega ardhi usiku na mchana,
nami nikiokota riziki kwenye makombo yake.

"Kilo mbili, gramu mia nne," nasema.
"Ukitoa maji?" anauliza.
Huyu binti kila kitu anakitoa maji.
Hata makaa yetu, aliniambia siku ya kwanza,
yalikuwa machanga, nusu yake maji:
"Mlichoma tope, Bwana Thrasivulos, mkaliita utajiri."
Nikanyamaza.
Tope hilo lilimsomesha mwanangu hadi Thesaloniki;
tope hilo hilo lilikaa kifuani mwa kaka yangu
mpaka akawa anapanda ngazi tatu kwa vituo viwili.

Kijiji tulikihamisha mwaka wa theluji nyingi.
Tulianza na wafu.
Mifupa ya mama niliipakata mwenyewe,
sanduku la bati magotini, ndani ya lori la kampuni,
na dereva, kwa heshima, akazima redio.
Miezi saba baadaye zamu yangu ikafika kwetu.
Kwanza baruti, kuulegeza mwamba;
kisha mimi.
Mlozi wa uani ulipanda mkanda mzima mzima,
na maua yake, ukaenda zake.
Sikumwambia mtu. Kwenye fomu ya zamu
nilijaza: hakuna tatizo.

Sasa shimo limefukiwa kwa kifusi na majivu,
na katika majivu hayo wamepanda mbaruti.
Jana baruti, leo mbaruti:
herufi moja tu, na katikati yake mlima mzima.
Mmea usio na adabu, shina kama rungu la askari,
kichwa cha zambarau kinachomchoma anayekitunza.
Hauombi maji wala mbolea. Mzizi unashuka, unashuka,
kutafuta kitu ambacho sisi tulikwisha kukichukua.

Kahawani Iordanis ananicheka:
"Umestaafu ukawa punda, miiba ndiyo posho yako!"
Wote wanacheka, nami nacheka, kahawa inapoa.
Lakini wote wanajua: maji moto ya mabomba ya mji huu
hutoka kwenye mitambo, na mitambo inazimwa
mmoja mmoja, kama taa za nyumba ya msiba baada ya arobaini.
Zumbulia, mke wangu, haulizi habari za tabianchi.
Novemba anaweka kiganja kwenye chuma cha ukutani,
anauliza: "Miiba yako, itafika hapa?"

Sijui.
Ploti ya kwanza iliungua na jua.
Ya nne sungura waliimaliza.
Fedha za utafiti zinakoma Machi,
na Evanthia hulala ndani ya gari siku mbili kwa wiki
ili petroli itoshe kurudi maabara.

Tukafika ya saba.
Kwa hesabu yangu, ambayo sikumpa aiandike,
hapo ndipo ulipokuwa ua wetu.
Nikakata, nikafunga, nikatua mzigo juu ya mizani.
Mshale ukapanda, ukasita chini ya nilipoutaka.
Sijui kidole gumba kilifikaje pale,
pembeni mwa sinia, kikikandamiza kidogo tu,
kama unavyomsukuma mtoto mgongoni aingie darasani.

"Kidole, Bwana Thrasivulos."
Hata macho hakuinua.

Nikakitoa. Mshale ukashuka.
Akaandika uliposimama,
akanipa kibano cha kung'olea miiba,
tukaenda ya nane.