Kundi O

Siku ile walinishangilia.
Chini ya turubai, pembeni ya stendi ya Tukuyu,
mvua ikinyesha bila hasira wala haraka,
muuguzi aliinua kichupa akakitazama mwangani:
"O hasi! Dada, wewe ni lulu.
Na huyu kaka nyuma yako naye O hasi. Leo kuna nini?"
Kaka mwenyewe ni Mgaya, mkaguzi wa parachichi,
aliyerudisha kreti zangu mbili wiki hiyohiyo
kwa doa la ganda lisilozidi punje ya mtama.
Tulikunywa soda bila kutazamana.
Nikarudi Katumba nikijiona kisima cha kijiji.

Wiki tatu baadaye niko juu ya ngazi, nachuma,
simu ikaita. Sauti ileile,
lakini sasa imevua viatu:
"Dada Tusajigwe, uko peke yako?"

Homa ya ini, aina B.
Homa sina. Ini haliniumi.
Mgaya angenipitisha, nikapanda meli:
ganda safi, doa liko ndani.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.
Hakuna aliyeniambia ni ini pia.

Lusekelo alichanjwa mara tatu, akabaki kitandani upande wake.
Mama mkwe alikipaka kikombe changu rangi ya kucha.
"Kisipotee," alisema.
Kikombe hakijawahi kupotea.
Kidonge nameza saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza.
Nakichukua dirisha la mwisho, lile linalotazamwa na mji mzima.
Zamani nilieleza: siyo huo, ni mwingine.
Siku moja nikawatazama wenzangu wa foleni
nikaona aibu ya kueleza kwangu.
Nikanyamaza.

Kila miezi sita, basi la Mbeya.
Jeli ya baridi tumboni, daktari kijana
anatafuta, anatafuta,
anakunja uso (kumbe anapiga chafya),
kisha: "Kwa sasa, safi."
Nimehamia humo, ndani ya "kwa sasa",
kama tulivyohamia chini ya Rungwe,
mlima wa moto uliolala,
tukapanda migomba mpaka ubavuni mwake.

Halafu Subilaga akajifungua.
Mwezi wa nne, usiku, shuka haikauki.
Daktari alitoka na glovu zake:
"O hasi. Ndugu wa damu ni nani hapa?"

Nilikuwa nimeshakunja mkono wa sweta.

Damu nzito kuliko maji, wanasema.
Usiku ule ningeomba yangu iwe maji,
maji ya Kiwira, ya baridi, yasiyo na jina.
Nikaushusha mkono wa sweta. Taratibu.
Mama alinitazama, na hakuuliza,
na kutouliza kwake kulinikata maini
kuliko kikombe.

Salio shilingi mia nane.
Namba niliyoihifadhi kwa jina "Mkaguzi Roho Mbaya".
Aliitika akidhani ni kreti.
"Siyo kreti," nikasema. Sikumbuki nilisema nini tena.
Alifika na buti za shambani, tope hadi magotini,
kabla pikipiki haijazimwa vizuri.
Akalala. Akatoa ngumi. Mshipa ukatokea mara moja.
Nilimshikia koti.
Mkono mtupu haulambwi,
lakini koti la mtu huweza kulishika.

Asubuhi Subilaga aliomba chai.

Msimu uliofuata Mgaya alirudisha kreti zangu tatu.
"Doa ni doa, dada," alisema, akiona haya.
Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Gwamaka sasa anaota meno.
Namweka begani, anazurura na ufizi wake,
kisha ananing'ata, kweli kweli,
na mwili wangu wote unashtuka, unataka kumtupa mbali nami.
Nakumbuka kadi yake: sindano zote, tarehe zote.

Amechanjwa.
Ng'ata, baba. Ng'ata tu.