Si Ko, Ni Ti

"Zima kiyoyozi," alisema Rodelio,
"mpira unapeperuka."
Nje, Ruwi ilikuwa nyuzi arubaini na saba,
lami inanata viatuni,
na yeye, fundi viyoyozi wa mtaa mzima,
anayelipwa kuwapoza watu,
alinifunza mchezo kwa kuzima.

Nilikuwa na miaka tisa. Meza tuliikuta
nyuma ya ghala la mazulia la ami yangu,
mguu mmoja umefungwa waya,
nusu yake tukaisimamisha ikawa ukuta.
Ukuta hauchoki. Hauumwi bega.
Kila nilichoupa ulinirudishia papo hapo,
bila ahsante.

Mama alikaa juu ya katoni akihesabu:
"Sita kwa nne. Saba kwa nne. We Ghania, miguu!"
Hata leo mwamuzi akitangaza kwa Kiarabu
mimi ndani yangu nasikia *nane*, nasikia *tisa*,
na hiyo tisa ina sauti ya mtu
anayechagua mchele.

Mpira wenyewe ni gramu mbili na nukta saba.
Mwepesi kuliko pete niliyoikataa mara ya kwanza
kwa kuwa iligonga mpini.
Mara ya pili niliivaa mkono wa kushoto,
ikakaa.

Watu huuliza: mchezaji wa kulipwa, hulipwa nini?
Suti mbili za mazoezi, moja pana kama hema.
Basi la usiku hadi Dubai, na mpakani
askari akiipekua raketi kana kwamba ina siri.
Mshahara ulitoka ofisi ya maji, Azaiba,
nilikopiga mihuri mpaka saa nane mchana
kisha nikaenda kupiga mipira mpaka isha.
Meneja akitia saini likizo: "Tena pingipongi?"
Tena, bwana.
Neno hilo nililisema miaka kumi na minne.

Mwezi wa saba niliisahau raketi garini.
Gundi ikayeyuka, ngozi yake ikabanduka
kama utando wa maziwa.
Rodelio hakunigombeza. Aliibandika upya,
akaikandamiza kwa kamusi na birika,
akaniambia nisubiri hadi kesho. Sikuweza.

Sheria yasema: kabla ya kuanzisha,
mpira ukae juu ya kiganja kilichofunguliwa,
usifichwe kwa nguo wala kwa bega.
Nilipoisoma niliona ni mkao wa dua.
Kisha unaurusha juu,
na ukishuka tu, ndipo unapodanganya.

Manama, robo fainali, seti ya tano,
kumi kwa kumi.
Mpira wa yule binti ulishuka upande wangu,
ukaramba ukingo wa meza, ukaanguka.
Mwamuzi alikuwa kwa mbali. Akasema umetoka.
Binti akanitazama. Hakulalamika,
alinitazama tu, jasho likimtiririka puani,
nami nikakiangalia kiganja changu
kilichokuwa wazi, na mdomo nimeufunga.

Kumi na moja kwa kumi.
Kumi na mbili kwa kumi.
Ile shaba iliyo kabatini kwa Mama,
katikati ya chetezo na vikombe vya kahawa,
ndiyo hiyo.

Rodelio aliutazama mchezo kwenye simu,
akiwa juu ya ngazi, paa la duka la dawa.
Niliporudi hakunipongeza. Aliuliza:
"Uliusikia?"
"Niliusikia."
Akapuliza vumbi la kichujio, akaendelea.
Mwaka uliofuata viza yake ikaisha
na mimi nilikuwa Doha, sikumsindikiza.

Sasa nina wasichana saba, Mabela,
skuli iliyotuazima ukumbi jioni.
Wakiingia tu nazima kiyoyozi.
Wanapiga kelele: mwalimu, tutakufa!
Hamfi. Nyamazeni.
Naurusha mpira uguse katikati: *ko*.
Naurusha tena, ukingoni: *ti*.
Mmesikia tofauti?
Wengine wanasema ndiyo, kunifurahisha.
Mmoja, Zuwena, mwenye miwani, anasema hapana,
rudia.