Kioo cha Upande wa Siwema

Pajero huniamkia kila asubuhi kwa Kijapani,
sauti ya binti mpole ndani ya dashibodi,
nami huitikia, "Marahaba."
Mwaka wa tisa huu, hakuna aliyemtafsiria mwenzake.
Labda muda wote ananionya habari za vioo.

Cha dereva hushuka kikipenda.
Cha nyuma kulia tulikikaza kwa kabari ya mbao
mwaka wa msiba wa shangazi, hakijashuka tena,
na watoto wa jirani wamezoea kutapikia mfukoni.
Lakini cha mbele kushoto, cha upande wa Siwema,
hicho ndicho chenye roho ya kwa nini:
kushuka kinashuka, laini, kama mtu anayekuja kukopa.
Kupanda, ndiyo kulipa.

Fundi Mponjoli wa Shauri Moyo
ameshaufungua ule mlango mara nne.
Ya kwanza ilikuwa swichi. Ya pili, waya.
Ya tatu mota, "orijino kabisa bosi, ya gari la ubalozi,"
ikaishi kuanzia mfungo hadi sikukuu.
Ya nne alikitazama kimya, akashusha pumzi
kama daktari anayetafuta ndugu wa mgonjwa.
Ana kopo la maziwa limejaa skrubu za mlango wangu
alizoona hazina kazi.

Basi tukabuni ufundi wetu.
Mimi, kidole kwenye swichi.
Siwema, viganja viwili vimebanwa kwenye kioo.
"Moja, mbili, sasa!"
Mota inalia, yeye anasukuma kwenda juu
huku akitoa maneno yasiyosemwa mbele ya wakwe,
kioo kinapanda, kidogo, kidogo,
mpaka kelele za barabara zinakatika
tunasikiana tena.
Hata siku tulizonuniana toka Kimara hadi Tazara
hesabu hiyo tuliihesabu pamoja.

Aprili akahamishiwa Sumbawanga.
Alisema mwezi mmoja tu, ajipange.
Sasa ni Novemba.

Jumanne, Barabara ya Mandela, foleni ya Buguruni,
mvua ikaingia bila hodi.
Kioo chake kiko chini, kiti chake kinalowa,
na mimi nina mkono mmoja tu unaofika.
Najinyoosha, mkanda unanikaba,
nyuma yangu lori linapiga honi kana kwamba nimeziba mto.
Akatokea kijana muuza wipa,
kazibeba begani kama mishale.
Hakuuliza. Akazilaza juu ya boneti,
akabandika viganja vyake kwa nje:
"Bonyeza, bosi!"
Nikabonyeza. Akasukuma.
Nikajikuta nahesabu kwa sauti. Moja. Mbili.
Kikafunga.

Sasa tazama balaa:
mimi na noti ya elfu mbili mkononi,
yeye nje, midomo inacheza, simsikii,
na kukishusha kile kioo ni kuanza upya.
Nikashika kitasa cha mlango wangu.
Foleni ikatembea, lori likanisukuma kwa honi,
nikaondoka. Naam, niliondoka.
Kwenye kioo cha pembeni nilimwona ameinama
anaokota wipa zake kwenye maji,
mojamoja.

Leo niko tena Shauri Moyo. Mota ya tano.
Sijasema lolote kuhusu kijana;
Jumatano na Alhamisi nilipita Buguruni polepole,
noti iko palepale kwenye kisanduku cha majivu.
Mponjoli amechukua tambara kabla ya kufungua mlango.
Kioo kina madoa, anasema, pande zote mbili.
Nasogea kuangalia.
Nje, viganja vikubwa vya grisi ambavyo mvua haikuvimaliza.
Ndani, vidogo, vimefifia,
vidole vyote kumi, na kwenye kimoja, chini kidogo,
pengo jembamba pale pete inapokaa.

"Futa nje," namwambia.

Na ndani, bosi?

"Ndani, anza na mota."