Dohani

Mwenye nyumba alisema hapana.
"Nyumba si filimbi, Mama Tatu, utoboe utakapo."
Nikamwonyesha dari, nyeusi kama kitako cha sufuria,
hata buibui wamehama.
Akakohoa mara mbili. Haya, akasema,
ila mvua ikiingia usinitafute.

Fundi Mbwambo alitoka Gerezani
(mtaa, si jela)
na bomba begani: vipande vinne, kiwiko kimoja.
"Kimoja tu. Moshi ni mgeni mwenye haraka,
ukimzungusha kona nyingi anarudi alikotoka,
ndani, kwako."
Bati nililonunua mwenyewe aliligonga kwa ukucha,
akaliweka kando.
"Hili karatasi iliyovaa fedha. Masika moja, nyavu."

Hakupima kwa jicho, alipima kwa kamba.
Kati ya bomba na boriti akaacha mkono mzima na shubiri,
nikamwambia anapoteza nafasi.
"Boriti ni kuni tu iliyopata cheo," akajibu.
"Ukiipasha joto kila siku
itakumbuka ukoo wake."

Kipande cha juu akakichomeka ndani ya cha chini.
Nikabisha: si kinyume hicho, mvua je?
"Mvua ina kofia yake kule juu.
Mimi naogopa jasho jeusi la kuni mbichi.
Literemke kwa ndani, lisikuchirizikie ukutani."

Saa sita paa likatoboka.
Jua likaanguka jikoni, duara moja, kama sinia,
na ndani yake vumbi la miaka tisa likielea
juu ya kigoda
alipokuwa akikaa Hamdani kunichekechea unga.
Sikusema kitu.
Fundi akavisha tundu kola ya bati, akalisiliba lami.

Kisha akawasha gazeti, akalishika mdomoni mwa tanuri.
Ulimi wa moto ukainama,
ukavutwa,
ukaenda.
"Limevuta," alisema, kwa sauti ya mkunga.

Nikatia mabaki ya mninga kutoka Keko.
Haikupita robo saa, Vingunguti nzima mlangoni:
Mama Chausiku na ndoo, vijana wa gereji na mchanga,
kitoto cha Kibwana na kikombe cha maji,
kikombe kimoja!
"Moto! Paa lako linatoa moshi!"
Ndiyo, nikasema, linatoa. Nimelilipia.
Wakacheka, wakala mikate ya moto,
ndoo moja ikasahauliwa hapa hadi leo.

Miaka tisa nimelia jikoni humu.
Nikitoka na macho mekundu watu husema,
pole, kuni hizo.
Nami huitikia, ndiyo, kuni.
Hata arobaini ya Hamdani
nilikanda, nikachoma, nikasingizia mwembe mbichi.

Leo alfajiri Mama Chausiku kaja kuchukua mikate ishirini.
Kaangalia dari, iliyopakwa chokaa juzi.
Kaangalia tanuri, linavyovuta bila kelele.
Kaniangalia mimi.
Akaweka kapu chini.

"Na leo?" akauliza.

Nje, juu ya bati,
moshi ulikuwa unapanda, mwembamba, na shughuli zake.
Nikavuta kigoda cha pili
nikakipangusa kwa upindo wa khanga.