Faini

Huku kusini kabisa mwa Ajentina
upepo ndio mwenye mji, sisi ni wapangaji.
Unang'oa mabati, unapora kofia,
na mwezi wa Juni, saa kumi na moja jioni,
jua limeshafunga duka.

Vijana waliingia maktabani kwangu kwa sababu moja:
hita ya gesi.
Sijidanganyi. Walikuja kuota moto.

Nami nilikuwa nimebandika mabango:
SOMA UFAULU. KITABU NI UFUNGUO.
Niligawa fomu: taja wahusika, eleza funzo ulilopata.
Maitén Oyarzún, miaka kumi na mitano,
alijaza pale penye funzo:
"Nimejifunza kwamba fomu ni ndefu."
Nilinuna siku mbili.
Ya tatu nikacheka peke yangu, nikimenya viazi.
Ya nne nikabandua mabango.
Gundi iliacha madoa manne ukutani,
yapo hadi leo.

Nikasogeza rafu ya hadithi karibu na hita,
nikaleta sofa ya marehemu shangazi,
iliyobonyea katikati kama mgongo wa farasi mzee,
nikachemsha maji ya ile chai chungu tunayoipenda,
kibuyu kimoja, mrija mmoja, zamu kwa zamu.
Halafu nikaanza kazi ngumu kuliko zote za ukutubi:
kutotazama.

Nilihesabu kadi nilizokwisha kuzihesabu.
Nilichonga penseli hadi zikawa njiti.
Kwa pembe ya jicho nikamwona Uriel Barría,
mtoto wa fundi bomba,
akivuta kitabu kinene cha watu waliokwama barafuni
akakifanya mto.
Haya, nikasema moyoni, hata kichwa kikilala juu yake
ni maendeleo.
Ijumaa ya pili, mto.
Ijumaa ya tatu, mto.
Ya nne hakulala.
Alikuwa ukurasa wa hamsini na ushei,
mdomo wazi, kofia ya koti bado kichwani;
zamu yake ya chai ikamfikia, hakuiona,
wenzake wakaguna, wakamruka.

Alitoka nacho bila kukiandikisha.
Niliona pembe zake chini ya koti.
Nikachonga penseli nyingine.

Kilirudi Agosti, kimelowa chai,
jalada limejikunja kama ganda la hindi.
"Faini peso ngapi, Bi Nélida?"
Manispaa ina bei zake, zimepigwa chapa, zina mhuri.
Nikamwambia: "Faini ni kunitajia ukurasa
uliokunyima usingizi."

Akatazama viatu vyake.
Upepo ukagonga dirisha kama mdai.
Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi,
kwamba kuna mahali mpishi anaficha kipande cha mwisho cha chokoleti,
na si kwamba anataka kukila,
ila wenzake wawe na kitu cha kutafuta
asubuhi wakiamka.
"Akafa yule mpishi," akaanza—
"Funga mdomo!" Maitén akaruka sofani.
"Wengine hatujafika huko!"

Nilishangaa. Sikujua kama kuna wengine.
Kumbe kitabu kilikuwa kikipita mkono kwa mkono,
mwezi mzima na zaidi,
na orodha ya wanaongoja imeandikwa kwa wino wa bluu
ubavuni mwa sofa ya shangazi.
Majina saba.
Mungu amrehemu, angenichapa.

Juzi mkaguzi wa manispaa aliuliza:
mradi wako umefaulisha wangapi?
Nikamjibu ukweli. Uriel bado anaanguka hisabati.
Maitén anachelewa shule zaidi kuliko zamani,
anasoma hadi usiku wa manane.
Akaandika kitu, akafunga kalamu, akaenda zake na upepo.

Jambo moja sikumwambia.
Miaka kumi na tisa nimekipangusa vumbi kitabu kile
na sikuwahi kukifunua.
Jina langu ni la nane ubavuni mwa sofa.
Zamu yangu ilifika Jumanne.
Viazi vikaungua.
Kimepitwa na siku sita sasa,
na wao wananiuliza kila nikipita:
umefika wapi?