Kidole cha Mwisho

Jumanne usiku mashine ilijisasisha.
Haikuniuliza. Nilikuwa jokoni nikichungulia moto,
nayo mezani ikijivua gamba kama nyoka,
asilimia thelathini, asilimia sitini na moja,
ikazimika, ikawaka, ikazimika.

Alfajiri nikaweka kidole cha shahada
palepale pa siku zote, kwenye kijisahani cheusi
kilicho kando ya kitufe.
Hutambuliki.
Nikakifuta kwa aproni. Hutambuliki. Jaribu tena.
Mara ya tano ikanifungia, ikadai nenosiri,
na nenosiri nani hulikumbuka?
Miaka mitatu kidole ndicho kilichokuwa kikinikumbukia.

Nililikuta nyuma ya sahani ya jogoo, pale ukutani,
nimeliandika kwa chaki siku niliyoileta mashine.
Nikaingia nyumbani kwangu kwa kupitia dirishani.
Ankara ya Graz ikaenda: sahani mia na arobaini
(moja imepasuka jokoni, hilo sikuliandika).
Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimekataliwa.

Sorin wa jirani, anayetengeneza simu kule Râmnicu Vâlcea,
akaniongoza kwa sauti, kinywa kimejaa mkate:
Fungua orodha ya vifaa, shangazi Veturia.
Waona alama ya mshangao, ya njano? Hapo.
Ng'oa kiendeshi. Zima. Washa.
Rudisha kile cha zamani. Zima. Washa.
Mimi na kuwasha tunajuana,
nimewasha kuni tangu nina miaka tisa.
Saa sita mchana ile njano ikatoweka.
Kifaa kizima, akasema.
Sasa futa alama zako zote, uzisajili upya.

Gusa. Inua. Gusa. Inua.
Duara likajaa robo, likagoma.
Gumba: likagoma. Cha kati: hata robo halikufika.
Mfinyanzi hulia gaeni;
mimi nililia, kwa maana ile nyingine.

Sorin akanyamaza kidogo. Kisha:
Zamani ilikuwa inakisia, shangazi.
Sasisho limeikataza kukisia.

Nikavipeleka vidole dirishani, kwenye mwanga wa theluji.
Laini. Laini kama tumbo la bakuli.
Michirizi niliyozaliwa nayo nimeigawa
ukingo kwa ukingo, miaka arobaini,
kwa watu wanaokunywa supu wasijue
kwamba huko chini, kwenye kitako cha sahani,
chini ya rangi, moto umelishika gumba langu
la nilipokuwa na ishirini na mbili,
likiwa na mistari yake yote.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa.
Lakini nilikuwa na kimoja ambacho hakijavunja chochote:
cha mwisho, mkono wa kushoto,
kile kinachokaa hewani gurudumu likizunguka,
kama bwana mkubwa anayevuka matope.
Mama alikuwa akikipiga kwa mwiko. Mvivu huyu!
Nikakiweka.
Robo. Nusu.
Duara zima, kijani.

Tangu siku hiyo nikikalia gurudumu nakiinua juu zaidi,
udongo usikirukie.
Sorin anacheka. Juzi akauliza
lile nenosiri nimelihifadhi wapi, kwa dharura.
Sikumjibu.
Sahani za Graz zilipungua moja,
lori lilikuwa mlangoni likinguruma;
nilimshusha jogoo ukutani, nikamfunga kwa nyasi kavu
bila kumgeuza.