Dohani ya Bibi Leida

Maimu kaja asubuhi, theluji imemfika magotini,
kamba begani, brashi ya waya, tufe la chuma la kuizamisha.
"Jiko jipya liache kwenye sanduku," kasema.
"Kwanza tumhoji mzee."
Mzee ni dohani: matofali ya mwaka thelathini na moja,
hapa Võrumaa, nyumba niliyoachiwa.

Akapanda. Brashi ikakwaruza kooni mwa nyumba.
Chini yakaporomoka masizi, ndoo mbili na nusu,
vijiti vya kiota, kifuvu cha ndege,
na magamba meusi yanayong'aa kama lami.
"Haya ndiyo huwaka usiku."

Kisha akaziba juu kwa gunia, akafukiza nyasi mbichi chini.
"Zunguka vyumba. Tazama kuta."

Sebuleni, hamna. Stoo, hamna.
Katika chumba kidogo cha mjomba Ülo
karatasi ya ukutani, yenye maua ya buluu,
ilikuwa inapumua.
Uzi wa moshi, mwembamba,
palepale ulipokuwa mto wake.

Ülo, aliyeamka kila Januari na kichwa kizito,
akachelewa shule, akatapika uji.
Walimwita mvivu;
neno hilo nililirithi pamoja na nyumba.
Palipo na moshi pana moto, husemwa.
Hakuna aliyeuliza, moto ukiwa jikoni,
moshi unalala na nani.

Maimu akachora msalaba kwa chaki.
"Bomba la chuma ndani, mpaka juu. Ama usiwashe."

Nikampigia Ülo, Tartu. Ana miaka sabini na moja.
Akanyamaza.
"Yale maua ya buluu," akasema, "bado yapo?"